Yah: Moyo Wangu Hauhitaji Muhuri

Mwanachama Namba 14,
Mlango wa kijani, nyuma ya ghala la mbao.
Jumatatu

Kwa Katibu wa Afya na Usalama,
Chama cha Wazamiaji wa Jumamosi.

Ndugu Katibu,

YAH: KUPINGA AGIZO LA CHETI CHA AFYA KWA "WAZAMIAJI WALIOKOMAA"

Natumaini barua hii inakukuta mzima wa afya, na kwamba hakuna aliyekutaka uthibitishe uzima huo kwa cheti, picha mbili ndogo na kichupa cha mkojo.

Kichwa cha barua hapo juu kinajieleza, lakini nitakieleza zaidi kwa sababu nimestaafu na nina muda.

Nianze kwa kujitambulisha, maana wewe umeshika wadhifa huu juzi tu. Mimi ni yule mzee wa boti ya kwanza, mwenye vazi la mpira lenye kiraka cha rangi ya chungwa gotini. Nina miaka sitini na saba. Kwa miaka thelathini na minne nilikuwa mkaguzi wa mizani na vipimo. Nimekagua mizani ya mabucha, ya masonara, ya maghala ya nafaka, na pampu za vituo vya mafuta. Nimewafungia maduka watu walionikaribisha soda, tena nikiwa bado nainywa. Nasema haya ili usidhani kwamba nina chuki na ukaguzi. Ukaguzi umenilea, umenijengea nyumba na kunisomeshea watoto. Ila katika miaka yote hiyo sikuwahi kuwa mimi ndiye jiwe linalowekwa juu ya sahani.

Nilianza kuzamia nikiwa na miaka hamsini. Aliyenitia majini ni shemeji yangu, kaka wa marehemu mke wangu, ambaye ninyi nyote mnamwita Nanga kwa kuwa ndiye mwanachama pekee anayezama vizuri bila mkanda wa uzito. Ana miaka sabini. Mke wangu alipofariki, sasa ni miaka minane, watu walijaa nyumbani kwangu kuniuliza hali. Waliniuliza mlangoni, waliniuliza benki, fundi bomba aliniuliza akiwa kichwa chini chini ya sinki. Shemeji hakuniuliza. Ilipofika Jumamosi alisimamisha gari nje na mitungi miwili ya hewa nyuma, akapiga honi mara moja. Tangu siku ile tumekosa Jumamosi sita tu, na tano kati ya hizo boti ilikuwa mbovu.

Chini ya maji, Ndugu Katibu, hakuna anayeweza kukuuliza unaendeleaje. Mwenzako anakuonyesha duara la kidole gumba na cha shahada, nawe unamrudishia lilelile, basi, yamekwisha. Sijapata kuona mazungumzo ya kifamilia yaliyo bora kuliko hayo.

Sasa malalamiko yangu, kwa namba, kama nilivyozoea kazini.

1. Kuhusu tangazo lenyewe.

Mlilibandika kati ya ratiba ya kujaza mitungi na karatasi ya mtu aliyepoteza pezi la mguu wa kushoto. Linasema kwamba kuanzia mwezi huu "wazamiaji waliokomaa, yaani wa miaka sitini na kuendelea" hawatapanda boti bila cheti cha daktari, kila mwaka. Waliokomaa! Nimekagua ndizi kwa tani, Ndugu Katibu. Najua kinachofuata baada ya kukomaa.

Nililisoma nikiwa nimevaa vazi nusu, mikono yake ikining'inia kiunoni, nikapigwa na butwaa. Nyuma yangu alikuwa yule kinyozi aliyejiunga mwaka jana. Akalisoma kwa sauti, neno kwa neno, kisha akaniwekea mkono begani na kusema, "Pole sana, mzee." Ilikuwa kama tangazo la msiba, marehemu ni mimi, na nimekuja kujisomea mwenyewe.

2. Kuhusu kinyozi huyohuyo.

Ana miaka thelathini na moja, kwa hiyo kwa mujibu wa tangazo lenu bado ni mbichi na hahitaji kukaguliwa. Jumamosi ileile, agizo likiwa bado halijaanza kutumika, aliruka majini bila kufungua mtungi wake. Alivuta mara mbili, macho yakamtoka pima, akaanza kupiga maji kama anayefua shuka. Shemeji yangu, mwenye miaka sabini, alimwendea kwa nyuma taratibu, akaufungua ule mtungi kwa vidole viwili kama mtu anayefungua bomba la jikoni, kisha akaendelea na safari yake. Hakusema kitu hata tulipopanda. Kinyozi akaendelea kupiga picha.

Nauliza kwa heshima: katika hao wawili, ni nani aliyestahili kupelekwa kliniki?

3. Kuhusu fomu.

Fomu yenu ina maswali hamsini na moja. Hata pasipoti haikuniuliza mengi hivyo, nayo ilikuwa inaniruhusu kwenda mbali zaidi ya mita ishirini. Swali la tisa linauliza kama nasahausahau mambo. Swali la thelathini na tatu linauliza jambo lilelile kwa maneno mengine, nadhani ili kunitega, nami nilijikaza nikatoa jibu lilelile. Swali la ishirini na mbili linauliza kama nina mimba. Nilijibu Hapana, ingawa nilitua kidogo, maana mtu akishavuka miaka sitini hajui tena atazushiwa nini.

Swali la kumi na saba linauliza kama masikio yangu yana shida. Nesi wa mapokezi anadai kwamba aliniuliza hilo mara tatu. Mimi nilimsikia mara moja, na nilidhani anamuuliza yule bwana aliyeketi pembeni yangu.

Yapo pia maswali ya kifua. Je, hupata maumivu ya kifua ukifanya kazi ngumu? Je, huishiwa pumzi ukipanda ngazi? Nilijibu Hapana kwa yote, kwa wino mweusi, bila kufuta popote. Nataka hilo liingie kwenye kumbukumbu.

4. Kuhusu daktari na chombo chake.

Kliniki mliyoichagua iko ghorofa ya tatu na lifti yake imekufa. Ukifika juu hoi wanakuketisha na kukupima mapigo ya moyo. Hilo naliacha, nalitaja tu kama mtu anayeelewa jinsi mizani inavyochezewa.

Daktari ni binti mwenye adabu, ana kalamu tatu mfukoni na zote zinaandika. Aliniamkia vizuri. Akanifunga ule mkanda wa mkononi, mashine ikavimba, ikatulia, naye akasema, "Mzee wangu, presha yako iko juu."

Nikamwambia kwa upole kwamba huenda ni chombo chake ndicho kilicho juu. Nikamwomba anionyeshe lebo ya uhakiki, yenye tarehe na namba ya mkaguzi. Akageuza mashine huku na huku. Lebo haikuwepo! Palikuwa na alama ya gundi tu, mahali ambapo pengine iliwahi kuwepo.

Akasema, "Basi tupumzike kidogo, halafu tupime tena." Tukapumzika. Akapima. Jibu likatoka jingine, tofauti na la kwanza kwa alama nane. Ndugu Katibu, chombo kinachotoa majibu mawili kwa kitu kimoja ndani ya dakika tano, mimi ningekipiga nyundo mbele ya mwenye duka na kumwandikia risiti. Nilimweleza hivyo. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaandika kitu kirefu kwenye faili langu, kisha akasema, "Presha zote mbili ziko juu, mzee." Hatubishani na mtu mwenye chombo kisichohakikiwa.

5. Kuhusu mashine ya kukimbilia.

Baada ya hapo nilibandikwa nyaya kumi kifuani, nikapandishwa kwenye mkanda unaokimbia, nikaambiwa niufuate. Nilikuwa na viatu vya ofisini. Mkanda ukaanza mwendo wa msafara wa harusi, ukaongezwa, ukainuliwa upande wa mbele ukawa kilima, ukaongezwa tena.

Nimezamia miaka kumi na saba. Sijawahi kuona mtu akikimbia chini ya maji. Mzamiaji akifanya haraka, wenzake humshika mguu. Jambo la kwanza nililofundishwa ni kupumua polepole na kutofukuzana na chochote. Sasa itakuwaje mnipime kwa kitu ambacho mmenikataza kukifanya? Ni sawa na kumpima mpishi kwa kumlaza njaa.

Ilipofika dakika ya nne nilisimamisha zoezi. Nilifanya hivyo kwa sababu za msingi wa kanuni, si kwa sababu nyingine. Daktari akaniuliza kama nasikia kubanwa kifuani. Nikamwambia ninachosikia ni dhuluma.

6. Kuhusu sahihi ya ndugu wa karibu.

Chini ya fomu yenu kuna mstari unaotaka "ndugu wa karibu" atie sahihi kwamba ana taarifa na ameridhia. Ndugu yangu wa karibu ni binti yangu wa kwanza, ambaye ni mwalimu wa udereva. Huyu ni mtu ambaye kwa miaka kumi na miwili amekaa kiti cha kushoto akiwa na breki yake mwenyewe chini ya mguu. Mlitegemea nini?

Alikuja jioni, akavua viatu, akasoma fomu nzima akiwa amesimama. Kisha akaniuliza, "Baba, hili la ngazi ni kweli?" Nikamwambia majibu yote ni kweli. Akasema, "Juzi umepumzika mara mbili ukipanda kwangu, na mimi nakaa ghorofa ya kwanza." Nikamwambia nilikuwa nimebeba tikiti maji. Akasema, "Tikiti nilibeba mimi."

Sitaki kutoa siri za nyumbani, lakini hakutia sahihi. Mimi nilimsainia huyu mtoto safari za shule, daftari za nidhamu, na mkopo wa gari lake la kwanza, bila hata mara moja kumshika mkono kuhesabu mapigo yake. Sasa mmemfanya awe mlezi wangu. Aliondoka na kalamu yangu.

7. Kuhusu shemeji yangu.

Hapa, Ndugu Katibu, naomba uketi.

Shemeji yangu ni mtu wa kutii. Akiambiwa asimame nyuma ya mstari, husimama hatua mbili nyuma ya mstari. Bila kuniambia neno, alikwenda kliniki peke yake Jumanne ya wiki iliyopita, akapanda zile ngazi, akajaza maswali hamsini na moja, akapuliza mirija, akakimbia kwenye mkanda. Alikwenda akiwa mzima. Asubuhi yake alikuwa ametoa betri ya gari na kuirudisha.

Alitoka akiwa mgonjwa. Daktari alimwandikia kwamba asizamie kwa miezi sita, akampa barua ya kwenda hospitali kubwa kupimwa moyo zaidi, na vidonge vya kuweka chini ya ulimi. Alinionyesha ile barua tukiwa kwenye gari lake, injini ikiwa imezimwa, mitungi ikiwa haipo nyuma. Nilimwambia asiwe na wasiwasi, ni makosa ya chombo. Yeye akatazama mbele tu.

Sasa angalia mlichokifanya. Kanuni za chama, ibara ya pili, zinasema hakuna kuzamia peke yako. Mwenzangu ni mmoja, na mmemzuia. Kwa hiyo mimi, ambaye sijapatikana na kosa lolote isipokuwa na vyombo visivyo na lebo, nimefungiwa nchi kavu kwa sababu ya moyo wa mtu mwingine. Jumamosi iliyopita alikuja, akapiga honi kama kawaida. Hatukuwa na pa kwenda. Tukakaa kwenye gari karibu na gati tukila karanga, boti ikaondoka na watu wabichi. Halafu akafanya jambo ambalo hajawahi kulifanya katika miaka minane. Aliniuliza ninaendeleaje.

Hilo ndilo jeraha mlilolisababisha.

8. Kuhusu takwimu.

Kabla ya agizo hili chama kilikuwa na wanachama kumi na mmoja wenye zaidi ya miaka sitini. Wagonjwa walikuwa sifuri. Wiki tatu baada ya agizo, watu watano wamepimwa, na wagonjwa ni wanne: mmoja moyo, mmoja sukari, wawili presha (simo miongoni mwao, kwa sababu zilizoelezwa katika namba ya nne). Sita waliobaki, ambao hawajapimwa, wote ni wazima. Sihitaji kuwa profesa kuona kinachosababisha ugonjwa hapa. Ni kliniki. Anayeikwepa anapona, anayeingia anaanguka. Kama duka la nyama lingeuza hivyo, ningelifunga kabla ya saa sita.

Zaidi ya hayo, kwa taaluma yangu naweza kuthibitisha kwamba mtu wa kilo tisini na nne akiwa ndani ya maji hana uzito unaosomeka. Nimewahi kujaribu kwa mizani ya ndoana, mshale haukutikisika. Sheria ya vipimo iko wazi: kisicho na uzito hakikaguliwi. Mtu akishazama, basi, yuko nje ya mamlaka yako, ya daktari, na ya binti yangu pia. Na kama uzito wake umekwisha, sioni ni vipi umri wake unabaki. Umri nao ni mzigo, waulizeni wenye nao.

MAOMBI

Kwa hayo yote, naomba yafuatayo yatekelezwe kabla ya Jumamosi:

(a) Tangazo libanduliwe, na mahali pake pabandikwe kitu cha manufaa, kwa mfano pezi la kulia la yule mtu.

(b) Shemeji yangu atangazwe mzima kwa maandishi, na afya yake irejeshwe katika hali iliyokuwa kabla ya Jumanne. Wale watatu wengine nao wafutiwe magonjwa yao kwa mkupuo mmoja, ili kupunguza karatasi.

(c) Daktari ashushwe mita kumi na nane, akae huko dakika arobaini, na sisi wazee tumuulize maswali hamsini na moja atakapopanda. Kinyozi awe msimamizi wa mtungi wake.

(d) Mahali pa cheti cha uzima pawekwe utaratibu rahisi zaidi. Kila mwanachama aendelee kuzamia mpaka atakapowasilisha cheti chake mwenyewe cha kifo, halisi na nakala mbili. Hicho ni cheti ambacho hakijawahi kubishaniwa na yeyote aliyekipata. Mimi naahidi kuacha kuzamia siku hiyohiyo nitakapokileta.

Nisalimie mwenyekiti na mgongo wake, nahodha wa boti na watu wake wote wa nyumbani, mama wa stoo ya mitungi, mlinzi wa getini na mtunza hazina. Wasalimie wanachama wa boti ya pili, hata wale wasioosha mavazi yao. Kinyozi msalimie pia, mwambie nywele nitakuja kunyoa Ijumaa. Daktari msalimie kwa kiasi.

Nabaki kuwa mwanachama wako mtiifu, mkavu bila hiari yake,

Mkaguzi Mstaafu wa Mizani na Vipimo,
Namba 14.

Nakala: Mwenyekiti, Daktari wa ghorofa ya tatu, binti yangu (arudishe kalamu).

NYONGEZA. Ijumaa.

Ndugu Katibu, barua hii ilikuwa ikufikie Jumanne. Kilichoichelewesha ni kwamba niliipeleka kwanza kwa shemeji ili naye atie sahihi kama mlalamikaji wa pili.

Aliisoma mezani kwake jikoni, ukurasa kwa ukurasa, miwani puani. Alicheka mahali pa tikiti maji. Alipomaliza aliikunja vizuri, akanirudishia, akasema, "Kiswahili kimenyooka, shemeji. Sasa mbona ya kwenye kamba hukuyaandika?"

Kwa kuwa aliyauliza mbele ya mke wake, na mke wake akaacha kumenya viazi akanitazama, nitayaandika hapa.

Wiki moja kabla ya tangazo lenu, tulikuwa tunapanda kutoka chini, tumefika mita kumi na mbili. Nilimwonyesha lile duara la vidole, yeye hakunirudishia. Alikuwa ameikumbatia kamba ya boti kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili alikuwa anagonga kifua chake, polepole, kama mtu anayebisha hodi. Nilimshika mkanda, nikampandisha. Juu alikuwa wa kijivu. Nilimwambia nahodha kwamba amemeza maji. Nahodha akaniamini, kwa nini asiniamini? Tukiwa kwenye gari nilimwambia shemeji kwamba ni gesi ya maharage, na kwamba hakuna haja ya kumwambia mtu, watatufungia bure. Alikubali, maana, kama nilivyosema, ni mtu wa kutii.

Kwa hiyo namba ya saba si ya kweli. Hakwenda kliniki bila kuniambia. Aliniomba nimsindikize, nikamwambia nina kazi. Sina kazi, Ndugu Katibu, nimestaafu. Alipanda zile ghorofa tatu peke yake, akipumzika kila kona, na kwenye fomu alijibu Ndiyo mahali pa Ndiyo.

Na kwa kuwa nimeshaanza, hata dakika ya nne haikuwa kanuni. Nilishika kile chuma cha mbele kwa sababu nilikuwa sioni vizuri.

Jumatano tulikwenda hospitali kubwa. Walimpiga picha ya moyo na kutuonyesha kwenye kioo: mshipa mmoja ulikuwa umebaki uwazi wa sindano. Daktari wa pale alisema kama angezama Jumamosi nyingine moja, angeweza asipande. Alilisema hivihivi tu, kama mtu anayetaja saa. Jana wameuzibua. Amezungumza asubuhi, ameomba chai, wamemnyima sukari.

Nami leo nilipanda ghorofa ya tatu kumwomba radhi yule binti mwenye kalamu tatu. Nilipumzika mara tatu njiani. Alinipima kwa chombo chake kisicho na lebo, nikanyamaza, akaniandikia vidonge, na Jumatano narudi kwenye ule mkanda, safari hii na viatu vya mpira. Fomu nimeomba nyingine. Katika ile ya kwanza, Hapana nne zilikuwa Ndiyo.

Naondoa malalamiko yangu yote, namba ya kwanza hadi ya nane, pamoja na maombi (a) hadi (d). Nilitaka kuichana barua hii, shemeji akakataa. Anasema wale wengine ambao hawajapimwa wanafikiri kama nilivyofikiri mimi, na wanapongezana. Anaomba uisome yote kwenye mkutano wa Jumapili, kwa sauti, wacheke mpaka wachoke, na uhakikishe hakuna anayetoka nje kabla hujaifikia nyongeza.

Kesho msitungoje gatini. Tuko wodi ya wanaume, kitanda cha dirishani. Yeye amelala, mimi nimekaa kwenye kiti chenye mguu mmoja mfupi. Kuona wagonjwa ni saa kumi hadi saa kumi na mbili, na wanaruhusu watu wawili wawili.